Kupima Sayansi Kuanzia P.5 hadi P.7: Mwongozo Kamili kwa Mwalimu wa Darasa Kubwa

Nilikuwa na msichana wa P.6, yaani darasa la sita la shule ya msingi, ambaye hakuwahi kushuka chini ya 80 katika sayansi. Ukimwuliza malaria inaletwa na nini, anajibu kabla hujamaliza swali: vimelea vya plasmodiamu, vinaenezwa na mbu jike wa anofelesi. Siku moja wakati wa mapumziko nikamsikia chini ya mwembe wa shule akimfokea mdogo wake: "Acha hizo embe, utaugua malaria!" Mtoto huyu alikuwa na majibu mawili. Moja alikuwa amelihifadhi kwa ajili ya karatasi, na jingine ndilo aliloishi nalo. Mitihani yangu yote ilikuwa imelifikia lile la kwanza tu.

Tangu siku hiyo nilibadilisha namna ninavyopima. Ninayoyaeleza hapa nayafanya Busia, upande wa Uganda, katika darasa la watoto 94 lisilo na maabara. Nyumbani watoto hawa wanaongea Kisamia, Kiteso, Kiganda na Kiswahili cha mpakani, halafu wanafanya mtihani wa taifa kwa Kiingereza. Kama darasa lako linafanana na langu, soma taratibu, chukua kitu kimoja uanze nacho wiki hii, vingine vitafuata.

Karatasi wanayoiendea

Karatasi ya sayansi ya PLE, mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi, inayotungwa na UNEB, Baraza la Mitihani la Taifa la Uganda, ina sehemu mbili. Sehemu A ina maswali 40 ya majibu mafupi, kila moja alama 1. Sehemu B ina maswali 15 ya alama 4 kila moja. Jumla ni alama 100, kwa saa 2 na dakika 15. Yote ni ya kuandika. Hakuna mahali mtoto anaulizwa kushika, kupima wala kujaribu kitu.

Ndiyo maana shule nyingi zikifika P.6 zinaacha vitendo na kuhamia kwenye karatasi za miaka iliyopita. Shinikizo nalijua. Mzazi anakuja anauliza agrigeti, yaani jumla ya madaraja ya masomo yote manne, mwalimu mkuu anauliza watoto wangapi watapata divisheni ya kwanza. Lakini mtoto aliyekariri karatasi kumi anakwama swali likigeuzwa sura kidogo tu, wakati mtoto aliyeshika kitu kwa mikono yake analijibu swali geni kwa kukumbuka alichokiona. Sikuacha kuwaandaa kwa PLE. Niliacha kudhani kwamba karatasi peke yake inanionyesha wanachojua.

Hatua ya 1: Geuza mada iwe kitu ambacho mtoto anaweza kufanya

Fungua silabasi ya NCDC, kituo cha taifa cha mitaala, kwenye mada unayoianza na ujiulize: mtoto akiielewa mada hii, nitamwona akifanya nini? Chukua udongo, P.5. Mtoto ataje aina tatu. Azitofautishe kwa kuzishika akiwa amefumba macho. Aonyeshe ni udongo upi unapitisha maji haraka. Achague udongo wa kupandia karanga na aseme sababu. Hivyo ni vitendo vinne, na ukitazama vizuri utaona kwamba mitihani yetu mingi inagusa cha kwanza peke yake.

Kabla ya kutunga mtihani wa mada, chora jedwali dogo: vipengele vya mada upande wa kushoto, na juu yake safu tatu za kukumbuka, kuelewa na kutumia. Kwa mtihani wa maswali 20 mimi huweka 8 ya kukumbuka, 7 ya kuelewa na 5 ya kutumia. Jaza namba kwanza, maswali baadaye. Ukianza na maswali, utajikuta una 17 ya "taja", kwa sababu hayo ndiyo yanayotungika haraka saa nne za usiku.

Hatua ya 2: Pima kabla hujafundisha

Hii inachukua dakika kumi na inaokoa wiki nzima. Kabla ya mada ya kuota kwa mbegu, nilileta maharagwe na pamba iliyoloweshwa maji kwenye kifuniko cha chupa. Nikauliza: "Haya maharagwe yataota?" Walioamini yataota walikuwa wachache mno. Nilipouliza sababu, mvulana mmoja akasimama: "Ticha, mbegu haina udongo, itakula nini?"

Jibu lile lilinionyesha kitu ambacho mtihani usingekionyesha. Walikuwa wanajua kutaja maji, hewa na joto kama mahitaji ya mbegu kuota. Walikuwa wameimba orodha hiyo. Lakini ndani yao udongo ndio chakula cha mmea, na mwenye imani hiyo hataelewa kamwe kwa nini jani linahitaji mwanga. Kwa hiyo kipindi cha kwanza sikuandika maelezo ubaoni. Tuliacha maharagwe dirishani, na baada ya siku chache yalipochomoza, ndipo tukaanza kusoma.

Mawazo mengine ninayokutana nayo kila mwaka, na unaweza kuyaandalia swali mapema: moyo unasafisha damu, kitu kizito lazima kizame, umeme unatumika wote kwenye balbu ukaisha, popo ni ndege kwa sababu anaruka. Yaandike kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari lako la maandalio, na uongeze jipya kila unapolisikia.

Hatua ya 3: Pima ukiwa unafundisha, hata kama ni watoto 94

Ukiuliza "mmeelewa?" utajibiwa "ndiyo, ticha!" kwa sauti moja. Jibu hilo halikusaidii chochote.

Njia ya vidole. Chora ubaoni picha tatu za betri na balbu. Katika ya kwanza, waya mmoja umetoka kwenye betri kwenda kwenye balbu. Katika ya pili, nyaya mbili zimetoka upande mmoja wa betri. Katika ya tatu, mzunguko umekamilika. Uliza balbu ya picha ipi itawaka. Wote wafumbe macho, kisha kila mmoja ainue kidole kimoja, viwili au vitatu kifuani. Kufumba macho ni muhimu, kwani wakiona wenzao watamfuata yule anayeongoza darasa. Kwa sekunde kumi umeona darasa zima. Wengi wakionyesha kidole kimoja, usiendelee. Toa tochi, ifungue, waone kwa nini kuna chuma pande zote mbili za betri.

Njia ya swali la kutokea. Dakika tano za mwisho, kila mtoto anajibu swali moja kwenye kipande cha karatasi. Husahihishi zote. Unazigawa mafungu matatu: wameelewa, wameelewa nusu, hawajaelewa. Mafungu hayo ndiyo yanayokuambia kesho uanzie wapi.

Njia ya watoto wanane. Katika daftari dogo ninaandika majina ya watoto wanane kila siku, na hao ndio ninaowafuatilia siku hiyo: ninawauliza, ninasoma madaftari yao, ninawasikiliza kwenye makundi. Kwa siku 12 za masomo nimewapitia wote 94. Kabla ya kuanza mpango huu kulikuwa na watoto wa viti vya nyuma ambao muhula mzima sikuwahi kusikia sauti zao. Ninaona aibu kuliandika hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Hatua ya 4: Upimaji wa vitendo kwa vifaa vya kuokota

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo walimu wengi wanakata tamaa wakisema hatuna vifaa.

Rudi kwenye udongo. Kila kundi la watoto saba au wanane linahitaji chupa tatu za plastiki za nusu lita. Kata kila chupa katikati, geuza sehemu ya juu iingie kwenye sehemu ya chini kama mrija wa kumiminia, na ufunge kitambaa kwenye mdomo wake. Chupa ya kwanza weka mchanga, ya pili mfinyanzi, ya tatu udongo tifutifu wa bustani. Mimina mililita 200 za maji katika kila moja, subiri dakika kumi, pima maji yaliyoshuka. Kwa kipimo, chukua chupa nyingine na uichore mistari kwa kutumia bomba la sindano jipya lisilo na sindano, ambalo duka la dawa wanaliuza kwa bei ndogo.

Kabla hawajamimina maji, kila mtoto aandike anachotarajia na sababu. Hilo usiliruke, maana mtoto aliyekwisha kuona matokeo atasema alijua tangu mwanzo.

Unapima mambo manne, kila moja kwa 0, 1 au 2:

Kutarajia. Alama 2 kama ametoa sababu inayohusu chembe za udongo au nafasi kati yake. 1 kama amebashiri bila sababu.

Kulinganisha kwa haki. Alama 2 kama anaweza kusema ni vitu gani lazima vilingane katika chupa zote: kiasi cha udongo, kiasi cha maji, muda. Akitaja kimoja tu, 1.

Kusoma kipimo. Alama 2 kama ameweka chupa mahali pa bapa na kuinama macho yalingane na maji. 1 kama kipimo kimekaribia lakini amesoma akiwa amesimama.

Kueleza. Alama 2 kama ameunganisha matokeo na maisha: kwa nini maji yanatuama siku nyingi penye mfinyanzi, kwa nini bustani ya mchanga inahitaji kumwagiliwa mara nyingi.

Jumla ni alama 8. Huwezi kuwatazama watoto 94 kwa siku moja, kwa hiyo tazama makundi matatu leo na mengine katika majaribio yanayofuata, mradi kila mtoto ametazamwa angalau mara mbili kwa muhula.

Nakumbuka kundi moja lilijaza mchanga hadi nusu ya chupa na mfinyanzi robo tu. Msichana ambaye katika mtihani wa kuandika hupata 30 na kitu alishika mkono wa mwenzake aliyekuwa anamimina maji. "Simama. Hii iko kidogo. Tutajuaje kama ni udongo au ni uchache?" Katika daftari langu nilimwandikia 2 kwenye kulinganisha kwa haki, na nilikaa nikitazama jina lake kwa muda. Alikuwa amefikia wazo gumu kuliko yote ya sayansi ya msingi, na ripoti yake ya muhula uliotangulia ilisema "dhaifu".

Jaribio jingine rahisi ni la wenzo, P.7, yaani kifaa kigumu kinachozunguka kwenye egemeo kuinua mzigo. Weka rula ya sentimita 30 juu ya penseli, penseli iwe chini ya alama ya 15. Weka vizibo 2 vya soda sentimita 10 kutoka kwenye penseli. Mpe mtoto vizibo 4 umwambie asawazishe upande wa pili, lakini kwanza aonyeshe kwa kidole atakapoviweka. Anayeonyesha sentimita 5 amelielewa wazo, hata kama bado hajui kuandika kanuni. Anayeanza kwa 10 kisha akasogeza mwenyewe hadi pakae sawa, naye mpe alama ya kujaribu, kisha mwulize ameona nini.

Hatua ya 5: Kutunga swali la alama nne

Swali la kawaida la wenzo huwa hivi: taja madaraja matatu ya wenzo na utoe mfano mmoja. Alama nne zote ni za kumbukumbu. Linganisha na hili, kutoka kwa kitu ambacho mtoto wa Busia anakiona kila asubuhi:

Mtu anasukuma toroli lenye mifuko ya simenti.
(a) Egemeo la toroli liko wapi?
(b) Toroli ni wenzo wa daraja la ngapi?
(c) Akisogeza mifuko karibu na gurudumu, kuinua kunakuwa rahisi. Kwa nini?
(d) Taja kifaa kingine cha nyumbani cha daraja hilo hilo.

Majibu: (a) gurudumu; (b) la pili, kwa kuwa mzigo uko kati ya egemeo na nguvu; (c) umbali kati ya mzigo na egemeo umepungua, hivyo nguvu inayohitajika ni ndogo; (d) kifungulio cha soda.

Andika mwongozo wa kusahihisha siku ile ile unayotunga swali, pamoja na majibu utakayoyakataa. Kwenye (c) wengi huandika "kwa sababu simenti imekuwa nyepesi". Hiyo ni 0, maana uzito wa mifuko haujabadilika. Usipoliamua mapema, utampa mmoja nusu alama na mwingine utamnyima, kutegemea umechoka kiasi gani.

Yule msichana wa embe alinifundisha aina nyingine ya swali, lile linaloweka jibu la nyumbani mezani: "Shangazi anasema msimu wa embe malaria inaongezeka, kwa hiyo embe ndizo zinazoileta. Unakubaliana naye? Mweleze." Mtoto hawezi kulijibu kwa kukariri. Inabidi aone kwamba mvua huacha madimbwi, mbu huzaliana humo, na embe zimeiva tu wakati huo huo. Angalia pia kama anamjibu shangazi kwa heshima. Mtoto anayesema "shangazi ni mjinga" hajajifunza kueleza.

Kwa mada ya utegemezano wa viumbe tumia ziwa letu. Watoto wa Majanji, kwenye ufuo wa Ziwa Viktoria, wanawajua mukene, wale dagaa wadogo, na sangara anayewala kuliko mimi. "Sangara wote wakivuliwa, idadi ya mukene itakuwaje mwanzoni, na kwa nini?" Swali hilo linapima zaidi ya kuchora mishale ya mnyororo wa chakula uliokaririwa wa nyasi, panzi, kuku na binadamu.

Lugha isimfiche mtoto

Kuanzia P.5 tunafundisha kwa Kiingereza na hilo halibadiliki kwa matakwa yangu. Lakini ukisahihisha bila kujua kama mtoto amekosa sayansi au amekosa lugha, utamfundisha upya kitu anachokijua.

Mfano ulio wazi ni neno "effort" katika mada ya mashine. Mtoto wangu mmoja alikuwa amelikuta neno hilo mahali pamoja tu, kwenye ripoti yake, mwalimu alipomwandikia aongeze bidii. Akajibu kwamba effort kwenye toroli ni kusoma sana. Nilipomwuliza kwa Kiswahili nguvu inawekwa wapi, alishika mikono hewani kana kwamba ameshika mipini.

Ninachofanya: mtoto akikosa swali la kueleza, namwita na kumwuliza kwa lugha anayoimudu. Akijibu vizuri, naandika herufi L pembeni mwa alama, yaani kosa ni la lugha. Alama yake ya mtihani haibadiliki, kwa sababu PLE nayo haitambadilishia. Dawa ndiyo inayobadilika: wa L anapewa maneno kumi ya mada na maana zake ayatungie sentensi, na aliyekosa sayansi anarudi kwenye rula na vizibo.

Maneno ya kuamrisha nayo yafundishwe. Mtoto asiyetofautisha "taja" na "eleza jinsi" kwa Kiingereza hupoteza alama katika mada zote, si moja.

Hatua ya 6: Soma makosa, halafu jumla

Baada ya kusahihisha, panga karatasi kuanzia ya juu hadi ya chini. Chukua kumi za juu na kumi za chini. Kwa kila swali, hesabu wangapi wamepata katika kila fungu, toa, kisha gawanya kwa 10.

Tuseme swali la 8 limepatwa na 9 wa juu na 2 wa chini: 9 kutoa 2 ni 7, gawanya kwa 10 ni 0.7. Swali zuri, linatenganisha walioelewa na wasioelewa. Swali la 12 limepatwa na 3 wa juu na 6 wa chini: unapata −0.3. Hapo usiwalaumu watoto. Swali lenyewe lina kasoro: pengine lina maana mbili, pengine jibu lako kwenye mwongozo si sahihi, pengine wale bora waliona ugumu ambao wewe hukuuona. Liondoe kwenye jumla na ulitunge upya. Na swali lililopatwa na wote ishirini linapata 0. Halijakuambia chochote kuhusu tofauti zao, lakini linafaa kuwapa moyo mwanzoni mwa karatasi.

Kisha andika makosa matatu yaliyojirudia zaidi, kwa maneno ya watoto wenyewe. "Mishipa ya ateri inabeba damu safi tu." "Mzizi unatengeneza chakula." Usiandike "hawajui mzunguko wa damu", kwa sababu sentensi hiyo haikuonyeshi pa kushika kesho asubuhi.

Hatua ya 7: Kurudisha

Rudisha karatasi ndani ya wiki moja. Zikikaa wiki tatu, mtoto anatazama alama na kukunja. Kwenye daftari, badala ya "jitahidi", andika jambo moja la kufanya: "Chora mshale kuonyesha maji yanapotoka kwenye mzizi kwenda jani. Chakula kinatengenezwa wapi?" Huwezi kuandika hivyo kwa watoto 94, kwa hiyo waandikie wale wanane wa siku, na makosa yaliyojirudia yafundishe ubaoni kwa wote.

Mzazi akija, mwonyeshe karatasi ya mtoto na ukurasa wa vitendo pamoja. Baba wa yule msichana wa udongo alikuwa ameshaamua ampeleke sokoni kumsaidia mama yake badala ya kumlipia P.7. Nilimwonyesha zile alama 2 na nikamsimulia alivyomshika mwenzake mkono. Alinyamaza, akaomba nimsimulie tena.

Wiki tatu baada ya kumaliza mada, rudisha lile kosa kubwa likiwa limevaa sura nyingine. Kama mwanzo uliuliza kuhusu maharagwe kwenye pamba, sasa uliza kwa nini mahindi yaliyomwagikiwa maji ghalani yameanza kuchipua ndani ya gunia. Andika karibu na kila jina lile jibu la kwanza na hili la sasa, yakae ukurasa mmoja.